Mshale wa Chaki wa Fundi Jairo

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemrudisha leo katika udongo wa Ibaba ni Jairo Nsajigwa Swila, fundi wa mitambo mikubwa. Alizaliwa hapa hapa Ibaba, wilayani Ileje, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Nsajigwa Swila na Mama Felista. Alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Moravian, na imani ile hakuiacha mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi Ibaba kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hakupata nafasi ya sekondari. Alibaki shambani na baba yake, akilima na kutengeneza baiskeli za majirani.

Mwaka 1983 alipata kazi Igamba, kwenye karakana ya mkandarasi wa barabara. Huko ndiko alikofanya kosa ambalo mwenyewe alilisimulia maisha yake yote. Alitumwa kufungua nati ya kumwagia oili chini ya buldoza, nayo ilikuwa imeshika. Alilala chali, akachomeka bomba kwenye spana, akavuta kwa nguvu zote. Kumbe ukilala chali mkono unakudanganya, alikuwa anakaza. Kichwa cha nati kikakatika. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wao, Mzee Sebastian.

"Mzee, nati nimeivunja mimi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Sasa mbona unajisema?"

"Kwa sababu bado imo mle ndani, mzee."

Mzee Sebastian alicheka, akampa patasi ndogo na siku tatu. Jairo aliigonga ile nati pembeni, kidogo kidogo, ikageuka siku ya tatu bila kuumiza injini. Tangu hapo hakugusa nati yoyote kabla ya kuchora kwa chaki, kwenye tumbo la mtambo, mshale wa kuonyesha upande wa kufungulia. Chaki haikukosekana mfukoni mwa shati lake, hata kanisani.

Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Tupokigwe, binti wa Igamba. Alisugua mikono kwa majivu na mchanga juma zima, lakini kucha ziliingia kanisani nyeusi vilevile. Mama mkwe alizitazama, akasema, "Mikono hii haitalaza mtu njaa." Haikulaza.

Mwaka 1996 walihamia Tunduma, akafungua karakana yake. Nati iliyowashinda wengine, iliyolika pembe zote, ililetwa kwake. Wazambia walivuka mpaka kutoka Nakonde wakimuulizia Ba Jairo, yaani Mzee Jairo kwa lugha yao. Hakuwa na haraka. Alisema, "Kabla ya kufungua, kaza kidogo. Kutu ikishtuka itakuachia."

Juni 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Hakulalamika. Jambo moja tu alimwomba Mungu: asiondoke na ufundi wake. Wanawe wa kiume walikuwa wameshika biashara. Aliyebaki karakana ni Pendo, binti yake wa mwisho, na wateja walikuwa hawajamwamini.

Novemba 2024 aliitwa Mbangala. Greda lilikuwa limeingia maji kwenye oili, mvua zimekaribia, na nati imepigwa nyundo hadi ikawa duara. Alifika na Pendo. Msimamizi wa kazi, Bwana Mbonile, alimtazama yule binti.

"Mzee Jairo, tumeita fundi, umetuletea mtoto wa kike."

"Anayelala chini ndiye fundi," alijibu. "Mimi nimekuja kukaa. Kiti kiko wapi?"

Pendo aliingia chini ya greda. Aliisafisha ile nati, akachomelea juu yake nati nyingine kubwa, akaiacha ipoe kidogo. Akakaza kidogo, kisha akafungua. Oili ikamwagika. Bwana Mbonile alivua kofia, akasema, "Dada, samahani." Baba na binti walirudi nyumbani. Hapo Jairo alimwambia mkewe, "Mama Pendo, mshale aliuchora kabla sijamwambia." Akalia kwa furaha.

Januari kiharusi kilimrudia. Alilala katika Bwana nyumbani kwake Tunduma, Jumapili tarehe 9 Februari 2025 asubuhi, kengele ya kwanza ya ibada ikilia, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Tupokigwe, watoto watatu, Fanueli, Zebedayo na Pendo, wajukuu saba, dada yake, Fausta, na mafundi aliowafundisha pande zote mbili za mpaka. Chaki yake imo mfukoni mwa Pendo.

Mungu aliyemlaza chini ya mitambo mingi akamwinua salama, amlaze sasa kwa amani, na siku ile amwinue tena. Amina.