Fundi Anayesubirishwa

Kwenye basi la kwenda hospitali, fundi cherehani mmoja, sindano ya kushonea bado imechomekwa kwenye shati kifuani, alikuwa akimlalamikia mama wa kiti cha jirani: "Miaka saba namwomba Mungu mtoto, dada yangu. Kimya!"

Mama akacheka. "Labda naye amekwambia njoo Ijumaa, kama mnavyotuambia nyie mafundi."

Mimi, ambaye gauni langu liko kwa fundi tangu mwaka jana, nikasogeza sikio.

"Mimi nikisema Ijumaa, walau kitambaa nimeshakata!"

"Haya, acha basi kuomba, upumzike."

"Niache? Mteja asiyekuja kunisumbua, nguo yake si ndiyo naisahau kabisa!"

Basi likasimama mbele ya kliniki ya uzazi. Fundi akafuta macho kwa kiganja, akashuka wa kwanza.