Mkono wa Kushoto wa Tove Klitgaard

Baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu ya vifaa vya meli hapa Esbjerg, Tove Klitgaard anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Alianza mwaka 1987, mwanamke pekee kati ya mafundi saba, akitengeneza pawasaplai za rada, yaani visanduku vinavyopandisha umeme wa kawaida hadi maelfu ya volti.

Wengi mnalijua koti lake. Mfuko wa kushoto umeshonwa upya mara nne. Wa kulia mzima kama siku lilipotoka dukani. Tove akipima volti kubwa, mkono wa kushoto hukaa mfukoni, ili umeme ukikosea njia usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Villy wa stoo humtania kila Ijumaa tukila mikate: "Dada, huo mkono umeficha siagi yetu?" Naye hujibu: "Nimeuficha usije ukakuzaba."

Mwaka 1998 tulipata oskiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, kutoka Ujerumani. Plagi ya Wajerumani huingia kwenye soketi zetu bila shida, na hapo ndipo ulipo mtego. Ethi yao, njia ya kupeleka ardhini umeme uliopotea, iko ubavuni mwa plagi, yetu ni kijiti cha nusu duara. Chombo kinawaka vizuri, kumbe waya wa ethi haujagusana na chochote.

Basi kuna fundi aliyejiona amebobea akabana klipu ya ethi ya oskiloskopu kwenye upande wa pawasaplai unaotoka moja kwa moja ukutani. Kosa hilo kwa kawaida hujibiwa na mlio, fyuzi ikakatika. Siku ile, kimya. Fundi akafurahi. Fundi huyo ni mimi.

Mkono wangu mmoja ulikuwa umeegemea bomba la joto, ambalo limeungana na ardhi. Nikanyoosha wa pili nisogeze oskiloskopu.

"Preben, usiguse!" Tove akapaza sauti.

"Kwani vipi? Mbona iko shwari?"

"Ndiyo maana! Ingelia ningekucheka. Haijalia, nakuogopea. Rudisha mkono."

Nikarudisha, nimenuna kidogo. Akachukua mita, akapima kati ya sanduku la oskiloskopu na bomba lile. Sindano ikaruka: sanduku zima lilikuwa na umeme wa ukutani. Nilikwenda kukaa chooni nusu saa.

Jumapili iliyofuata tulimbatiza binti yetu Signe. Nilimbeba mwenyewe, nikimshukuru Mungu, na baada yake Tove, aliyekaa benchi la nyuma na koti la heshima, mkono mfukoni.

Wiki ile ile alibadilisha plagi zote kwa mkono wake. Akadai transfoma ya kutenganisha kifaa kinachotengenezwa na umeme wa ukutani, isitumike kwa oskiloskopu kamwe. Akadai pia vipimio vya jozi vya volti kubwa, visivyohitaji klipu ya ethi. Kuhusu kapasita, ambazo hubaki na umeme hata kifaa kikishazimwa, alitufundisha kama katekisimu: zima, subiri, pima, ndipo uguse. Tangu hapo hakuna aliyeumia katika karakana hii.

Tove, koti tutalitundika karibu na mlango, mfuko wa kushoto ukitazama benchi. Nyumbani una maua yako ya dalia na wajukuu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye volti za kuua, ingawa yule mdogo anakaribia. Sasa utoe huo mkono. Wabebe wajukuu kwa mikono yote miwili.

Asante kwa kila aliyerudi kwake salama jioni. Mungu akupe siku njema, na nyingi.

Preben Riis, kwa niaba ya benchi zima