Mtu wa Kupigiwa

Ndani ya basi, askari wa zimamoto mwenye mvi alikuwa akijaza fomu ya kuomba kusomea shahada ya kwanza. Palipotakiwa mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, aliandika namba ya kituo chake.

Binti aliyeketi naye, mwanafunzi mgeni kutoka nchi ya mbali, alichungulia, maana fomu ya jirani haina pazia. "Baba, hapo atapokea nani?"

"Mimi, nikiwa zamu."

"Lakini dharura ni yako."

"Miaka ishirini napokea za watu, mwanangu. Yangu itanishinda? Wewe ulimwandika nani?"

"Ofisi ya udahili. Nilipofika sikumjua mwingine."

Basi likasimama chuoni. Binti hakuinuka. Alitoa kalamu. "Hiyo namba ya kituo, baba. Nitajie polepole."