Mtu Aliyezipa Betri Majina: Fundi Boni Yarou Anastaafu

Tarehe 30 mwezi huu wa Septemba, Fundi Boni Yarou, mkuu wa karakana yetu ya Parakou, anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa na ishirini na minane ya kazi. Siku hiyo anastaafu. Tutakula sokuru ya viazi vikuu vilivyotwangwa na mchuzi wa karanga, tutavumilia hotuba, kisha Mkurugenzi atawavisha nishani wastaafu wenye faili safi. Orodha ya nishani ilipotoka mwezi uliopita, jina la Fundi Yarou halikuwemo. Faili lake lina barua ya onyo, moja tu kwa miaka yote hiyo, na kwa kanuni za Huduma ya Pikipiki za Afya moja inatosha kumkosesha mtu nishani. Mimi, Baké Sounon, mtunza stoo, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu stoo na karakana zimepakana ukuta. Nimekubali upesi, maana ninajua barua ile ilikotoka.

Nitaifikia. Kwanza tumsifu mtu wetu, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu tumemsifu miaka mingi na hajatia maji popote pasipostahili.

Alianza kazi akiwa dereva wa chanjo. Mwaka wake wa pili, pikipiki ilimgomea njiani kuelekea vijiji vya mashariki, barafu ikayeyuka, chanjo zote zikatupwa. Aliporudi akauliza kulikuwa na nini. Fundi wa siku hizo akamjibu, "Betri tu." Yarou akalichukia neno hilo "tu" kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. Akaomba ahamishwe karakana, akaanza kufagia, akajifunza, na baada ya miaka sita karakana ikawa yake. Mpaka leo ukisema mbele yake "ni betri tu", anaweka bisibisi chini na kukutazama mpaka uombe radhi.

Wengi wenu mnamjua kwa majina. Sisi Wabaatonu mtoto wa kiume wa kwanza ni Woru, wa pili Sabi, wa tatu Bio, wa nne Boni, wa tano Sanni. Mama hapotezi muda kufikiri. Fundi Yarou, ambaye mwenyewe ni wa nne, aliuhamishia utaratibu huu kwenye betri. Betri ya kwanza ya kila pikipiki aliiandika kwa rangi nyeupe "Woru", na tarehe ya kuzaliwa, yaani siku ilipofungwa. Ikifa, inayofuata ni Sabi. Wageni walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo. Pikipiki iliyokaa na Woru wake miaka minne ilikuwa na afya. Pikipiki iliyofika kwa Sanni ndani ya miaka mitatu alikuwa haipi betri nyingine mpaka ameikagua yote, anapima chaji injini ikinguruma, anaangalia kama inavuka volti kumi na nne na nusu na kuichemsha betri, au haifiki kumi na tatu na nusu na kuiacha na njaa. "Watoto watano wakifa mfululizo," alikuwa akisema, "usiwalaumu watoto. Mtazame mama anawalisha nini."

Utaratibu huo ulituletea msiba mmoja. Kituo chetu cha kaskazini kilipiga simu asubuhi, na aliyekuwa mapokezi, kijana mgeni kutoka Cotonou, akaandika ujumbe kama alivyousikia: "Sabi amekufa alfajiri. Tumeshamtoa. Mleteni Bio haraka." Sasa, dereva wa njia ile alikuwa Sabi Gounou, na mdogo wake anaitwa Bio. Kijana akafanya alichodhani ni wajibu, akamtafuta Bio sokoni. Kufika saa nne uwanja wetu umejaa shangazi. Shangazi mmoja alikuwa amekwisha kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa mpole, jambo ambalo hata mama yake Sabi hajawahi kulisema. Saa tano Sabi Gounou akaingia na pikipiki yake, anatafuna jibini la Wafulani, akauliza, "Jamani, nani amefariki?" Shangazi wakamkimbia kwanza, kisha wakamrudia wakampiga viatu. Fundi Yarou alitoka karakana ameshika betri mpya yenye jina la Bio, akawaomba radhi mmoja mmoja. Tangu siku hiyo ujumbe wa betri huanza kwa maneno "Si mtu."

Na zile honi! Kila siku saa moja asubuhi alipanga pikipiki zote kumi na mbili, akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, kila dereva akapiga honi mara moja bila kuwasha injini. Kwa sauti ile tu alijua nani ameshiba na nani anachechemea, kisha ndipo kipimo kilipothibitisha. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti kumi na mbili nukta sita, ilikwenda safari. Ikisoma chini ya nukta nne, ilibaki kwenye chaja ya polepole, hata kama dereva analia. Jirani yetu mshonaji aliwahi kuja kulalamika kelele. Wiki ya pili alikuja na pikipiki yake, akajiunga kwenye foleni.

Mambo mengine aliyotuachia nayaandika hapa ili mrithi wake asije kusema hakuambiwa. Betri ilingane na kile kinachosemwa na kitabu cha pikipiki. Kubwa kuliko kiota chake itabanwa, ndogo itatikisika mpaka vibati vya ndani vivunjike, kwa hiyo izungushiwe kipande cha mpira wa tairi. Kwa barabara zetu achague ile iliyofungwa, isiyomwaga tindikali. Kwa zile za kujazwa, ni maji yaliyochujwa kwa mvuke peke yake. Dereva mmoja alimwongezea Bio wake maji ya pakiti kutoka barabarani, na Fundi akamuuliza kama na yeye mwenyewe huwa anaongezewa damu kutoka kisimani. Kufungua, hasi kwanza; kufunga, chanya kwanza. Ukoga mweupe kwenye vichwa huoshwa kwa maji ya magadi, vikakauka, vikapakwa mafuta ya shea kidogo. Mkewe, Mama Dado, hakuamini hata siku moja kwamba makopo yote yale ya shea yalikuwa yakiishia kwenye betri.

Lililo kubwa kuliko yote, usinunue betri kwa sura ya boksi. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, ipime ukiwa bado dukani, ichaji mpaka ijae kabla haijafungwa. Hilo mimi nililijua kwa kichwa. Sasa naifikia barua.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na miezi mitano kazini, bado kwenye majaribio, na nikitaka sana kuonekana mchapakazi. Mvua zilikuwa zimechanganya. Pikipiki nne zilidai betri, nami nikazinunua siku hiyo hiyo, maboksi yanang'aa kama zawadi ya harusi, kwenye duka lililokuwa limeyapanga kwenye rafu inayopigwa jua kutwa. Fundi Yarou alikuwa anaondoka kwenda Nikki kwenye sherehe za Gaani, sikukuu yetu ya kila mwaka. Akalishika boksi moja, akaligeuza.

"Binti, umeona tarehe?"

"Tarehe ya nini, Baba? Hii ni betri au maziwa?"

Akacheka. Akasema, "Maziwa yakichacha utayasikia harufu. Hii hainuki. Ziweke mpaka nirudi, siku tatu tu, nizichaji na nizipime."

Madereva wakanisumbua. Siku ya pili nikazitoa. Fomu ya stoo ina mstari mmoja usemao "Imepimwa na karakana", na bila mstari huo betri haitoki. Niliweka alama ya vema mwenyewe, mara nne.

Siku ya tatu alasiri, Sabi Gounou alipakia damu kwenye sanduku la baridi akaipeleka zahanati ya Tokobérou, alikokuwa mama aitwaye Zenabu, amejifungua na damu haikatiki. Kilomita sita kabla ya kufika akakuta tawi limelala njiani. Akazima pikipiki, akaliburuta, akarudi, akabonyeza kitufe. Kimya. Pikipiki zetu hazina kiki ya kuwashia kwa mguu, na tope lilikuwa linameza mguu. Kuisukuma ilikuwa kama kuusukuma ukuta. Akapiga simu karakana. Nilipokea mimi.

Fundi Yarou alikuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka Nikki, amevaa joho lake la sherehe, la buluu, lenye darizi mpaka magotini. Nilimwambia kwa pumzi moja. Aliifungua pikipiki yake mwenyewe, kuukuu, akatoa betri yake ya tindikali aliyoilea miaka sita, akapanda nyuma ya zemijani, pikipiki ya abiria, na betri mapajani, na dereva yule akalipita tope lile akipigiwa kelele, "Kanyaga, bwana, kanyaga! Joho litafuliwa, mtu hafuliwi!" Akaifikia kwanza pikipiki iliyogoma, akaibadilisha betri, ikawaka mara ya kwanza. Mbele akamkuta Sabi anatembea, sanduku la damu kichwani, amebakiza kilomita nne, akamkabidhi pikipiki. Damu ilifika imechelewa karibu saa nzima. Mkunga alituambia kwamba robo saa zaidi tungekuta kilio.

Zenabu yuko hai. Nilimwona mwezi wa pili mwaka huu sokoni, amebeba vitunguu na anagombana na mwenye mizani kwa nguvu zote. Familia ilitaka mtoto apewe jina la Fundi, lakini haikuwezekana: alikuwa wa kwanza, na wa kwanza ni Woru, hata kama umeokolewa na Boni. Joho la Nikki halikupona. Tindikali ilitoboa mapajani matundu saba, na Mama Dado aliyahesabu kwa sauti mbele ya wageni.

Kikafuata kikao. Fomu ikawekwa mezani, ikaulizwa nani aliweka vema hii. Kila aliyefanya kazi na Fundi Yarou anajua kwamba yeye hajawahi kuweka vema maishani mwake. Yeye huandika volti, kwa tarakimu. Nami nilikuwa nimekaa pale, ninawaza kwamba nikifungua mdomo nitakwenda nyumbani leo hii. Aliivuta fomu, akaisoma. Aliniangalia. Kisha akasema, "Mstari huu ni wa karakana. Karakana ni mimi." Wakamwandikia barua ya onyo, akaisaini, akarudi kulainisha minyororo.

Nilimfuata nikilia. Hakunibembeleza. Aliniambia, "Kesho saa moja kamili uje na kigoda chako." Kwa mwezi mzima nilikaa pembeni yake nimefumba macho, nikisikiliza honi, mpaka nikaijua betri yenye njaa kabla ya kipimo. Hizo nne za kwangu alinifanya nizipime mwenyewe. Zilikuwa na miaka miwili na nusu rafuni. Baada ya hapo hakulitaja jambo hilo tena, wala kwa utani, naye ni mtu asiyeacha utani ulale na njaa.

Nimenyamaza miaka mitatu. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ameshasahau, kwamba barua ni karatasi, kwamba nina watoto. Orodha ya nishani ilipobandikwa, nilimwona akiisoma mpaka mwisho, akairudia toka juu, akaenda zake. Nikaona haya ambayo sijawahi kuiona.

Kwa hiyo Jumatatu iliyopita niliandika maelezo yangu, nikaambatanisha fomu ile yenye vema zangu nne, nikayapeleka kwa Mkurugenzi. Aliyasoma mbele yangu. Jumanne barua ya onyo ilitolewa kwenye faili la Boni Yarou, ikafutwa, na nyingine ikaandikwa ikaingia kwenye langu. Nafasi ya ukuu wa stoo niliyoiomba huenda ikaenda kwa mwingine. Iende. Nalala vizuri.

Fundi Yarou, haya hukuambiwa mapema kwa sababu tulijua ungekuja ofisini kuyazuia. Utakasirika, na hasira yako nitaipokea nikiwa nimesimama. Asante kwa damu iliyofika Tokobérou na kwa zote zilizofika bila mtu kujua kwamba kulikuwa na mtu nyuma yake. Asante kwa kunifundisha kazi badala ya kunifukuzisha. Sisi sote wa Huduma tunakuombea afya, usingizi mrefu, na Mama Dado mwenye subira. Na siku ya tarehe 30, jina lako likiitwa, Baba, usiangalie nyuma kumtafuta anayeitwa. Ni wewe. Faili lako ni safi. Lilikuwa safi siku zote.