Sabo Haiazimwi

Papa Rubens Kisimba alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika hospitali kubwa ya hapa Kalemie, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Mimi Chantal, mzaliwa wake wa kwanza, nasoma historia yake kwa niaba ya familia, kama alivyoniagiza mwenyewe, pamoja na sehemu ambayo baadhi yetu tulipenda ibaki nyumbani.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1947, mji huu ukiitwa bado Albertville, mtoto wa pili wa Papa Hippolyte, fundi wa njia kwenye reli kubwa ya kwenda Kabalo, na wa Mama Adrienne, mkulima wa mihogo, akasoma shule ya msingi ya misioni, akaiacha mwaka 1960 kwa sababu ya vurugu za wakati ule.

Tarehe 2 Januari 1967 aliingia kazi kwenye tramu ya chokaa ya Kasenzi, ambayo vijana waliopo hapa hawakuiona, kwa hiyo naieleza: ilikuwa reli nyembamba ya sentimita sitini, iliyotandikwa wakati wa Wabelgiji, mwaka 1929, kilomita saba kutoka machimbo ya kilimani hadi gati ya ziwani, vigari vilivyojaa mawe vikishuka kwa uzito wao wenyewe, kila kimoja na mtu mmoja nyuma akishika breki, kisha injini ndogo ikivivuta vitupu kurudi juu. Breki yenyewe ilikuwa sabo, kipande cha mti mgumu kinachobana gurudumu, na kila mshika breki alichonga yake, akaizoesha mkono wake, akarudi nayo nyumbani jioni, na sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba sabo haiazimwi, kama vile bibi wa mtu haazimwi.

Pale chini kwenye gati Mama yetu Godelieve, wakati huo msichana wa miaka ishirini na mmoja, aliuza samaki wakavu, na wanaume wawili walimtaka, Papa Rubens na rafiki yake Papa Alphonse Kitungwa, aliyeingia kazi siku moja naye. Walipokezana zamu: aliyeshuka na kigari cha kwanza alimfikia nusu saa kabla ya mwenzake, na kila zamu ilipokuwa ya Papa Alphonse, kwa nusu saa hiyo Papa alishikwa na wivu. Wenzake waliujua, wala hawakumhurumia: "Rubens, leo umeshuka na mawe ao umeshuka na homa?"

Jumatatu tarehe 6 Septemba 1971 ilikuwa zamu ya Papa Alphonse kushuka wa kwanza, sabo yake ikapasuka machimboni, na Papa, mbele ya watu wote, akamwazima yake. Kwenye kona ya pili kigari kilipinduka, na Papa Alphonse akapoteza mguu wa kulia chini ya goti. Kwa miaka hamsini na minne tendo la Papa limehesabiwa kuwa wema, limetajwa hata katika mahubiri, mtu aliyevunja sheria ya kazi ili kumsaidia rafiki.

Alifunga ndoa na Mama Jumamosi tarehe 29 Julai 1972, wakazaa watoto watatu, mimi, Joël na Tina, na wajukuu ni saba. Wivu haukuisha kwa ndoa, kwa sababu kazi iliyopatikana kwa mtu wa mguu mmoja ilikuwa ulinzi wa gati, na tangu mwaka huo Papa Alphonse aliketi kutwa nzima hatua kumi kutoka meza ya Mama, wakati mume wake alifika pale mara nne kwa siku, akakaa dakika chache, akapanda tena. Mama anashuhudia kwamba kwa miaka yote ile Papa Alphonse alimwambia maneno yaleyale tu, "Mama Chantal, amani?", na kwamba kila jioni Papa alimwuliza ameambiwa nini.

Tramu ilifungwa tarehe 22 Novemba 1985, reli zikang'olewa, nyingine leo zimeshika kuta juu ya milango ya mtaa huu, na Papa akapakia mizigo bandarini hadi mwaka 2009.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwezi wa Aprili mwaka huu, akalazwa tarehe 28 Septemba, na tarehe 2 Oktoba aliniambia kwamba sabo ile aliyomwazima Papa Alphonse ilikuwa imelika hadi unene wa vidole viwili, ilhali kanuni ilitaka vinne, kwamba alikwisha kuchonga mpya tangu Jumamosi, na kwamba ile mpya ilikuwa ndani ya mfuko begani mwake wakati anamkabidhi mwenzake ya zamani. "Nilitaka tu ashuke vibaya, wamucheke mbele ya Godelieve," alisema, kisha akaongeza: "Usinipambe. Mukinizika na ule wema, mutakuwa mumezika muntu mwingine."

Mama aliyasikia haya siku ileile, naye ameomba yasomwe.

Jumatano tarehe 15 nilikwenda kwa Papa Alphonse, nikamsomea ukurasa huu, ili asiusikie kwanza mbele ya watu. Sabo ile alikuwa nayo ukutani, kwani baada ya ajali hakuna aliyeiulizia. Aliishusha, akasema: "Nilijua, mutoto wangu. Nilipoishika niliona imekwisha. Ila kama ningeikataa, yeye njo angeshuka wa kwanza." Niliyaandika maneno hayo mbele yake, na ameruhusu yasomwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku kumi na saba, Mama Bertille na majirani wengine waliopika na kulala nasi, wenzake wa bandarini waliobeba jeneza, na wazee watatu waliobaki wa tramu ya Kasenzi. Papa, umefika chini, pumzika, na amani ya Mungu ikupokee.

Leo Ijumaa, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, Papa Alphonse aliingia na mkongojo wake, akaiweka sabo karibu na mkono wa kulia wa marehemu, akaenda kuketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando ya Mama.