Chuma Alichoachiwa Benjamini Ndaki

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee safari ya maisha ya Baba Ritha.

Marehemu Benjamini Ndaki alizaliwa tarehe 21 Septemba 1957 hapa Kishapu, mtoto pekee wa Mzee Ndaki, mfua vyuma, na Mama Esta. Baba yake alifariki mwaka 1959, mama yake akafuata mwaka 1961, na urithi wake ukawa chuma kimoja chenye mdomo uliogawanyika kama kwato za mbuzi na mpini mrefu, ambacho baba yake mdogo, Mwigulu, alimkabidhi bila kujua kazi yake. Picha ya wazazi haikuwepo. Wenzake walimwita mtoto wa mkosi, na alituambia mwenyewe kwamba aliwaamini.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1966 hadi 1972, akalima pamba, na tarehe 14 Juni 1980 akafunga ndoa na Mama Bernadina, Mungu akawajalia Ritha, Eustace na Violeth.

Mwaka 1988 alikwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa, akaukata mpini ili chuma kienee kwenye begi, na huko hakuna aliyesalimika na maswali yake. Wengine walisema ni cha kukatia kwato, wengine cha kung'olea misumari, na Masudi, mnunuzi wa dhahabu, akaapa kuwa Wajerumani walikitumia kutafutia madini, basi wachimbaji wenzake wakakining'iniza kwa kamba, wakakifuata kilikoelekea, wakachimba wiki tatu na kupata maji. Marehemu alisimulia hayo akicheka mpaka machozi, lakini kukiuza alikataa katakata.

Mwaka 2016 vumbi la mawe lilimharibu kifua, akarudi nyumbani, akawa anatibiwa hospitali ya Kolandoto. Tarehe 18 Agosti 2024 alitembelewa na Bibi Sesilia, jirani wa zamani wa Mama Esta, aliyehamia Kahama na mumewe mwaka 1958 na kurudi siku hizo kwa ajili ya msiba wa dada yake. Bibi alikikuta chuma kimezuia mlango, na kabla hajaitikia shikamoo zetu akauliza ni nani aliyeukata mpini.

Ndipo tukaelezwa. Mwaka 1957 miti ya pamba ilipaswa kung'olewa yote kabla Septemba haijaisha, bwana shamba hakuwa na msamaha, na Mama Esta alikuwa na mimba ya miezi tisa, kuinama hawezi. Mzee Ndaki akamfulia chuma cha kubana shina, ukigandamiza mpini mti unatoka na mizizi, nawe umesimama wima. Wanaume walimcheka kwamba anamdekeza mke, naye akawajibu kuwa anayemdekeza bado hajazaliwa.

Marehemu alilia mbele yetu sote bila kujificha. Kesho yake fundi Edward akatia mpini mrefu, na Baba Ritha, pumzi zikimkatika, akang'oa miti mitatu ya pamba nyuma ya nyumba, akakataa kupokewa mpini.

Alifariki tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Kolandoto, akiwa na miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi hapa, wachimbaji wenzake mliotoka Rwamgasa, na Bibi Sesilia, uliyeketi pale mbele, wewe tunakushukuru peke yako.

Baba Ritha, ulisubiriwa tangu hujazaliwa, na leo wazazi wako wanakusubiri tena. Pumzika kwa amani.