Mikono Safi, Sahani Tupu

Mchungaji Cyriaque, mwenyeji wetu. Waheshimiwa wazee wa kanisa. Mheshimiwa Diwani, ambaye ametutumia salamu na kwa hiyo kiti chake kinakaliwa na makoti. Akina mama wa kwaya. Ndugu zangu wa gurdwara, hekalu letu sisi Masingasinga, mliokuja mara tu mliposikia kuna chakula. Vijana wa mstari wa nyuma, mtakaonisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Mabibi na mabwana.

Kabla ya neno lingine lolote, nimepewa dhamana ya kuwatangazia jambo zito. Naomba tusimame, wale tunaoweza. Leo, Jumamosi, tarehe kumi na nane Novemba, mwaka elfu mbili na sita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, baada ya msako wa saa nzima uliowashirikisha kamati ya ukumbi, mashemasi wawili na tochi moja, rimoti ya video ya ukumbi huu imepatikana. Ilikuwa jikoni, ndani ya mfuko wa unga wa kilo kumi, imelazwa vizuri na kufunikwa. Inafanya kazi. Mnaweza kuketi.

Polisi hawahitajiki. Mfuko ule hufunguliwa na mtu mmoja tu katika kanisa hili, na mtu huyo yuko nyuma ya kile kidirisha cha kupitishia chakula. Amekifunga. Ametuma ujumbe kwamba hawezi kutoka, anakaanga vitunguu. Sisi tulioketi hapa tunajua vitunguu vilikaangwa saa sita, maana tumevaa harufu yake tangu tuingie.

Kwa wasionijua, mimi ni Gurbachan, fundi televisheni wa Ladypool Road, hapa Uingereza, mzaliwa wa Kisumu. Kazi hii sikuisomea popote. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliifungua redio ya baba yangu nikashindwa kuifunga, na tangu siku ile bado najifunza kufunga. Wageni wetu kutoka Kongo huniita Papa Fundi, cheo ambacho nimekipokea bila mtihani. Leo nimeombwa niseme maneno machache kabla ya kutazama kaseti hii niliyoishika mkononi. Maneno machache nimeyaandika kurasa sita.

Ndugu zangu, mnajua kilichotuleta. Mwezi wa tisa, dada yetu Léocadie, Mama Merveille, alikwenda kushindana katika kipindi cha mapishi cha televisheni, wapishi sita wa nyumbani, wasio na cheti wala kofia nyeupe, mbele ya majaji wawili. Kipindi kilirushwa Jumanne ya juma lililopita saa kumi na nusu jioni, saa ambayo mwenye kazi yuko kazini na asiye na kazi yuko kwenye foleni ya kuitafuta. Mimi nilitega mashine ya dukani ikarekodi. Mke wangu Surinder alikataa kutazama bila ninyi. Alikwenda kukaa kwa dada yake ili kuepuka kishawishi. Kwa hiyo ninyi hamjakiona, na yeye Mama Merveille hajakiona, kwa sababu saa kumi na nusu alikuwa kwenye jiko la hospitali kule Bordesley Green, ambako kwa miaka sita ameosha masufuria ya chakula ambacho hakupika yeye.

Lakini ana hakika Uingereza nzima imekiona. Kazini hakuna aliyemwambia kitu, na yeye anasema wananyamaza kwa kumhurumia. Siku kumi na moja sasa anapanda basi la kuzunguka mbali ili asikutane na mtu wa kanisa. Jumapili iliyopita kwaya iliimba sauti tatu badala ya nne, na mlikula biskuti. Juzi alikuja dukani akasimama mlangoni, hakutaka kuketi, akaniambia: "Papa Fundi, watu wakiona ile, miye sitasimama tena mu kanisa. Wala sitapika." Leo amekuja kutupikia, na rimoti mmesikia ilikutwa wapi. Basi mjue uzito wa alasiri hii. Tukicheka mahali pasipofaa, biskuti zile ndizo chakula chetu cha Jumapili mpaka Bwana arudi.

Sasa naomba niwaulize: mashindano haya ya mapishi yana nini? Mimi ni fundi, huona watu wanapougua. Zamani televisheni zililetwa dukani wiki ya fainali ya mpira, au siku za mieleka. Miaka hii miwili mitatu zinaletwa Jumatatu, na karatasi imebandikwa juu: iwe tayari kabla ya kipindi cha mapishi. Wanaleta mabibi, wanaleta madereva wa teksi, ameleta bwana mmoja wa Sparkbrook ambaye mkewe amefariki na yeye mwenyewe hajui kuchemsha yai. Ni chakula gani hiki kisichonusika, kinachopikwa na mtu usiyemjua, kikaliwa na mtu mwingine usiyemjua, nawe umekaa mbali nacho na mkate wako wa kuoka na maharage ya kopo?

Niliwahi kumuuliza Surinder, ambaye amenipikia miaka thelathini na mmoja. Hakunigeukia. Alinyanyua kidole akasema, "Ngoja, anaonja."

Nikangoja. Jaji akatia uma mdomoni, akafumba macho, na Surinder akaacha kutafuna. Kisha jaji akasema sentensi yake moja, nzuri au mbaya sikumbuki, na mke wangu akashusha pumzi kama yeye ndiye aliyepika. Hapo ndipo nilipofahamu, nikiwa nimechelewa miaka thelathini na mmoja tu. Jamani, mpishi wa nyumbani huambiwa kitu lini? Huambiwa chumvi ikikosekana. Siku chumvi imekaa sawa, tunaomba maji ya kunywa na kuuliza habari za mpira. Tumewajibu kwa kunyamaza, tukadhani kunyamaza ndiyo shukrani. Sasa wameona kwenye kioo kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu huweka chakula mbele ya mwenzake, na mwenzake hulazimika kusema. Ni ajabu gani wakitaka kwenda? Kesho yake niliisifu dengu ya Surinder. Akaniuliza nimevunja nini.

Mama Merveille aliambukizwa dukani kwangu. Alikuja kuchukua televisheni yake, kipindi kinaendelea, akasema anatazama dakika mbili, akasimama na mkoba mkononi mpaka mwisho. Fomu ya kuomba nafasi ilijazwa na binti yake, Merveille huyu wa mstari wa mbele, miaka kumi na minne, ambaye, tuseme ukweli kwa kuwa tuko kanisani, chakula chake yeye ni chipsi. Alikuja kuniomba stempu, nami nikasoma bila ruhusa. Penye swali la kwa nini mpishi huyu achaguliwe, aliandika kwa Kiingereza kwamba mama yake hupikia watu arobaini kila Jumapili na hakuna anayesema kitu. Nilikuwa mmoja wa wale arobaini. Nilimpa stempu mbili.

Sasa nitawaeleza yaliyotokea siku ile kwa mdomo wangu, kabla ya kaseti, kwa sababu ambayo kaseti itaieleza yenyewe. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari langu la kazi, na kila mshindani aliruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza, aketi nyuma ya kamera kwenye kiti cha plastiki, asiseme lolote. Mnaonijua mtakadiria mateso yangu.

Walipewa saa moja. Alipika samaki wa kwao Uvira, kwa nyanya na vitunguu, pamoja na bugali na mboga za majani. Zilipobaki dakika sita samaki ameiva, bugali umeshikana, sahani mbili zinasubiri, nami nilishaanza kichwani kutunga hotuba ya ushindi. Ndipo nikamwona anabandika birika.

Nikadhani chai. Haikuwa chai. Aliyamimina maji kwenye jagi, akayapooza kwa ya bomba, akayajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Akatafuta beseni, studio ile ilikuwa na mashine ya kukamua limau na nyingine ya kulikwangua ganda, lakini beseni haikuwa nalo, akachukua bakuli la saladi. Akaweka taulo begani. Akaliacha jiko lake, akapita kati ya kamera tatu na nyaya ambazo mimi fundi nisingethubutu kuzivuka, akawafikia majaji pale waliposimama kungoja, akapiga goti kidogo kama anavyowapigia ninyi nyote, akasema: "Karibuni, munawe."

Hawakuelewa neno. Walielewa jagi. Yule bwana mwenye kipara alitoa mikono yake mara moja, kama mtoto aliyeitwa mezani. Bibi, jaji mwenzake, alikuwa na pete tano. Akaanza kuzivua, moja baada ya nyingine, hajui pa kuziweka, na Mama Merveille akamkingia kiganja. Hakumharakisha. Mgeni hasukumwi. Alimmiminia taratibu, akamfuta kidole kwa kidole, akamrudishia pete zake tano, na pete ya tano ilipoingia kidoleni, kengele ikalia.

Sheria ya mashindano yale ni fupi kuliko Amri Kumi: kisichokuwa kwenye sahani hakionjwi. Basi wakasimama pale, watu wawili wenye mikono safi kuliko wote Uingereza, mbele ya sahani tupu, na samaki yuko kwenye kikaango hatua mbili kutoka kwao. Yule bwana alifungua mdomo, akaitazama mikono yake, akaufunga. Sentensi moja aliyoifuata Mama Merveille safari yote ile haikusemwa. Alikuwa wa kwanza kutolewa. Ndani ya gari aliniambia neno moja tu, kwamba amesahau sahani. Nikamjibu kwamba tunahitaji petroli. Mimi bila kipaza sauti si hodari.

Leo ninacho kipaza sauti, kwa hiyo namjibu. Wale wengine watano walikumbuka sahani. Ni nani kati yao aliyekumbuka kwamba majaji wana mikono, nao tangu asubuhi wameshika kalamu, vitasa na vichwa vyao? Na ninyi, ni nani hapa aliyewahi kula kwa Mama Merveille bila kumiminiwa maji? Diwani mwenyewe alinawishwa siku ya Pasaka, na tai yake ikanawa pamoja naye. Katika saa ile moja alikuwa na dakika sita za kuchagua kati ya chakula na mgeni, wala sidhani alijua kwamba anachagua.

Na kuna jambo la mwisho, nalo halijui hata yeye. Nimejaribu kumwambia mara nne, kila nikianza ananiambia tuache ile. Leo hana pa kukimbilia. Mlango wa nyuma wa jiko umezibwa na baiskeli za vijana. Mama Merveille, nisikilize hapo ulipo. Ulipokwisha kuingia garini, mimi nilirudi kuchukua kikaango chako. Kamera zilikuwa zimezimwa. Nikamkuta yule bwana mwenye kipara peke yake, ameinama, anakula kwa mkono, anamega bugali vibaya sana lakini kwa bidii. Samaki amebaki mifupa. Aliniona, hakuona haya. Akasema: "Ningejua, ningeanza na huyu."

Ndiyo sentensi yako, mama. Imechelewa miezi miwili, na aliyekuletea ni mimi, lakini ni yako.

Nayaona mambo hapa mbele, msigeuke wote kwa pamoja. Merveille ameinuka. Amekwenda kidirishani. Amegonga. Mmesikia wenyewe alichosema: "Mama, nipe maji, watu wanawe." Namjua huyu mtoto miaka sita, hicho ndicho Kiswahili chake cha kwanza mbele yangu, na sina cha kurekebisha.

Kidirisha kimefunguka. Jagi limetoka. Na Mama Merveille ametoka nalo, na taulo liko begani. Vijana, sogezeni miguu apite. Aanze kwa Mchungaji, na kila mtu avue pete mapema, tusirudie makosa ya wenzetu.

Basi nishukuru. Namshukuru Mchungaji kwa ukumbi, kamati kwa tochi, Surinder kwa dengu, na ninyi nyote kwa kuniazima masikio yenu muda wote huu harufu ile ikiwaita. Mmenivumilia, asanteni sana.

Sasa nabonyeza. Asubuhi niliijaribu kaseti hii, nione kama mkanda haukwami, nikaitazama mpaka mwisho. Kipindi kina dakika thelathini. Habari za maji hazimo. Mama Léocadie anaonekana kwa sekunde kumi na moja, mikono tu, ikimenya kitunguu.